Bendi Iliyozaliwa Baa: Sikinde, DDC na Mizizi ya Cuba Kariakoo

Rammstein, bendi ya roki ya Ujerumani, ina ramu yake. Motörhead ya Uingereza nayo ina yake, na Iron Maiden wanauza bia tangu 2013, bia waliyoitengeneza na kiwanda cha Robinsons. Mpango wenyewe hauna ugumu. Bendi ikishavuma, jina lake linabandikwa kwenye chupa, na chupa ikiwa ya ramu basi sifa zote zinapelekwa Karibiani, hata kama bendi yenyewe ni ya Berlin.

Dar es Salaam mambo yalikwenda kinyume. Hapa pombe ndiyo iliyotangulia, bendi ikafuata, na jina lililobandikwa lilikuwa la baa. Mlimani Park ilikuwa baa kabla haijawa okestra. DDC lilikuwa shirika la jiji lenye mabaa na kumbi zake kabla herufi hizo tatu hazijatangulia jina la bendi hiyo, Sikinde kwa wapenzi wake, ambayo wakazi wa mji huu wamegombania ubora wake na bendi ya Msondo kama wanavyogombania klabu za Simba na Yanga. Na Karibiani? Hiyo ilikwishaingia bandarini zamani, ndani ya makasha ya santuri.

Mwaka 1933 kampuni ya Uingereza ya HMV ilianza kutoa, kwa ajili ya soko la Afrika, mfululizo wa santuri zilizopewa herufi GV. Nyingi zilikuwa nyimbo za Cuba zilizokwisha kurekodiwa kwa ajili ya soko la kule: son, bolero, rumba, makundi ya akina Trio Matamoros na Sexteto Habanero. Wauzaji walidhani wanauza muziki wa kigeni. Wasikilizaji wa Leopoldville, Mombasa na Dar es Salaam walisikia kitu kingine kabisa. Kihispania hawakukijua, wala hakikuwazuia. Walilitambua pigo, kwa sababu pigo lile lilikuwa limebebwa na watu wa Afrika waliouzwa utumwani kwenda kukata miwa, na sasa lilikuwa limerudi kwa meli likiwa na gita na tarumbeta juu yake.

Dar es Salaam ilikuwa tayari kulipokea pigo hilo. Vikundi vya ngoma ya beni vilikuwa vimeizoesha pwani matarumbeta na magoma makubwa tangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na klabu za dansi za vijana wenye suruali na tai zilikwisha kuota mizizi. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa 1932, mwaka mmoja tu kabla ya zile GV. Jina lilikuwa la jazi, lakini miguu ya wachezaji ilikwenda kwa rumba. Baadaye kidogo kila mji wenye reli au mkonge ukawa na jazi yake: Morogoro, Tabora, Tanga. Dar yenyewe, ambako kila mtu alikuwa mgeni kutoka mahali fulani, ikazipata kwa asili za watu. Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande ilikuwa na mizizi ya kusini, na Western Jazz iliyoanza 1959 ilikuwa ya watu wa magharibi. Bendi wakati ule ilikuwa chama. Mtu alijiunga, akalipa ada, akazikwa na wenzake.

Aliyeipenda Cuba kuliko wote hakuwa wa Dar. Salum Abdallah wa Morogoro aliikolea mno, na inasimuliwa kwamba akiwa kijana alitoroka nyumbani akiwa na nia ya kufika Cuba, safari ikaishia Mombasa. Mwaka 1948 alianzisha kundi akaliita La Paloma, na kundi lile ndilo lililokuja kuwa Cuban Marimba Band. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, akiwa ameacha nyimbo ambazo redio haijawahi kuchoka nazo. Ukizisikiliza leo, utasikia kitu ambacho waigaji wengi hawakukiweza: pigo ni la Havana, lakini Kiswahili kimekaa juu yake bila kuvutwa wala kubanwa. Sikinde wangekuja kuirithi kazi hiyo, na kwa maoni yangu wakaifikisha mbali zaidi.

Baada ya uhuru, chama cha burudani hakikutosha tena. Gita la umeme ni ghali, na amplifaya, ngoma za dramsi na saksafoni ni ghali zaidi. Mwanamuziki wa Kariakoo hakuwa na uwezo wa kuvinunua, na hapo ndipo lilipozaliwa neno lililotawala maisha ya wanamuziki wetu wote: vyombo. Mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kikanunua vyombo na kuunda NUTA Jazz, ambayo tunaijua leo kwa jina la Msondo Ngoma baada ya kupitia majina ya JUWATA na OTTU kadiri chama chenyewe kilivyobadilika. Milango ikafunguka. Polisi wakawa na bendi, Magereza wakawa na bendi, Jeshi la Kujenga Taifa likawa nayo. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz. Shirika la mabasi lilikuwa na UDA Jazz, shirika la bima lilikuwa na Bima Lee, na wakata almasi wa Iringa walikuwa na Tancut Almasi. Vijana wa chama tawala walikuwa na Vijana Jazz ya Hemed Maneti. Sidhani kuna nchi nyingine ambako mtu angeweza kuajiriwa na kampuni ya bima kazi yake ikiwa kupuliza tarumbeta usiku, na asubuhi jina lake likawa kwenye orodha ile ile ya mishahara pamoja na makarani.

Sikinde ilitokana na mfumo huo, ila kupitia mlango wa pembeni. Mwaka 1978 kampuni ya uchukuzi na teksi, Tanzania Transport and Taxi Services, iliyokuwa na baa ya Mlimani Park upande wa Chuo Kikuu, iliamua kwamba baa bila bendi haiendi mbali. Ikanunua vyombo, halafu ikafanya kile ambacho kila mwenye vyombo vipya hufanya: ikawapora wengine. Kutoka JUWATA akaja Muhiddin Maalim Gurumo, mwimbaji ambaye alikuwa nguzo ya NUTA tangu mwanzo wake. Kutoka Dar International ya Marijani Rajabu akaja mpiga gita Abel Balthazar. Akaja pia Michael Enoch, King Enoch, ambaye miaka ya 1960 alikuwa mpiga solo wa Dar es Salaam Jazz. Huyu wa mwisho ndiye uzi unaoiunganisha bendi ya 1978 na ile ya 1932. Aliyezikuta rumba za santuri zikiwa bado moto, miaka ishirini baadaye alikuwa anapanga vyombo vya upepo vya Sikinde. Wakaongezeka Cosmas Thobias Chidumule, Hassan Rehani Bitchuka, Shaaban Dede, Joseph Mulenga.

Kila bendi ilihitaji mtindo, yaani jina la namna yake ya kupiga na kucheza. Western walikuwa na Saboso, Tabora walikuwa na Segere Matata. JUWATA walikuwa na Msondo, ambalo ni jina la ngoma ya unyago. Mlimani Park nao wakaenda Uzaramoni, wakachukua Sikinde. Hapo pana jambo la kufurahisha: bendi mbili zilizokula zaidi chakula cha Cuba na Kongo ndizo zilizojitambulisha kwa ngoma za wenyeji wa mji. Wala haikuwa mapambo tu. Sikiliza tumba za Sikinde zinapokaza mwendo, utasikia kwamba mpigaji alikulia karibu na ngoma za arusi za Buguruni na Temeke na wala hakuhitaji santuri ya kumfundisha.

Miaka mitano ya mwanzo ilikuwa ya baraka upande wa nyimbo na ya balaa upande wa fedha. Vita ya Kagera ilianza mwaka ule ule wa 1978, na baada yake uchumi ukaanguka. Nyuzi za gita, vipaza sauti na spea za amplifaya vyote vilitoka nje, na fedha za kigeni hazikuwapo. Bia yenyewe ilikuwa ya kuvizia. Safari Lager ilikuwa imetoka kiwandani 1977, na kiwanda kipo Ilala, mwendo mfupi kutoka Kariakoo, lakini kuwa jirani na kiwanda hakukumaanisha kupata kreti. Mwaka 1983 ukawa mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, na ndio mwaka ambao kampuni ya teksi ilishindwa kabisa kuendelea. DDC, shirika la maendeleo la jiji, likaichukua bendi: vyombo, jina na watu. Ndipo ikawa DDC Mlimani Park Orchestra.

Kwa DDC hesabu ilikuwa wazi. Shirika lilikuwa na kumbi Kariakoo, Magomeni Kondoa na Keko, na ukumbi huingiza fedha mara mbili, mlangoni kwa kiingilio na kaunta kwa bia. Bendi ya kukodi hula faida ya mlangoni. Bendi yako mwenyewe inakujazia watu wanaokunywa. Wanamuziki wakawa waajiriwa wa shirika la jiji, na ukumbi wa DDC Kariakoo ukawa nyumbani.

Huko ndiko lilikopigwa bugi. Kwa wasiolijua, bugi ni dansi la mchana, hasa la Jumapili, na DDC Kariakoo ilikuwa kitovu chake. Mtu wa Buguruni au Manzese hakuwa na gari la kumrudisha usiku wa manane. Bugi lilimruhusu aje na mkewe, acheze, arudi na basi la jioni. Kariakoo palikuwa mahali pake: soko kuu, jengo la Beda Amuli lililofunguliwa 1975, liko hapo hapo, klabu ya Simba iko Mtaa wa Msimbazi na ya Yanga iko Jangwani. Mchuuzi aliyefunga meza yake hakuhitaji kuvuka mji kwenda kustarehe.

Wimbo wa Sikinde wa enzi hizo ulikuwa na sehemu mbili, na ukitaka kuelewa jinsi bendi na baa zilivyolishana, sikiliza sehemu hizo. Gita la solo hufungua peke yake, mstari mfupi ambao mpenzi wa kweli anautambua kabla ya noti ya tano. Rizimu na solo ya pili zinaingia chini yake, kila moja na mapigo yake madogo yasiyobadilika, na besi inatembea katikati bila haraka. Halafu vyombo vya upepo vinasalimia, vinanyamaza, na waimbaji wanaanza hadithi: sauti nzito ya Gurumo chini, ya Bitchuka juu kabisa, nyembamba, karibu kuvunjika lakini haivunjiki. Hadithi ni ya mume mlevi, ya ndugu waliodhulumiana mirathi, ya mshahara unaokwisha tarehe tano, ya mwanamke aliyeachwa kwa hasira za siku moja. Watu wengi wanabaki kwenye meza. Maneno ndiyo yanayoliliwa, na anayecheza ovyo wakati huo anatazamwa vibaya. Ndio wakati wahudumu wanazunguka na trei.

Kisha inakuja chemko. Dramsi zinakaza, tumba zinapanda, maneno yanapungua hadi kiitikio kimoja kinachozungushwa, na magita matatu yanaingiliana hivi kwamba huwezi tena kusema nani anapiga nini. Saksafoni na tarumbeta zinajibizana na waitikiaji. Meza zinabaki na chupa na mikoba. Baada ya dakika tano, sita za hayo, mtu anarudi kwenye kiti chake akiwa ametota jasho na koo limekauka. Nadhani hakuna meneja wa baa aliyekaa akapanga muundo huo, kwani sehemu ya pili ya nyimbo za Kikongo na montuno ya Cuba zinafanya kazi ile ile. Lakini pia sidhani kuna meneja wa baa aliyewahi kuulalamikia. Na kichekesho cha yote ni kwamba nyimbo nyingi zilizouza bia hizo zilikuwa zinamsema mlevi, naye mlevi mwenyewe alikuwapo, akiimba kwa sauti kuliko wote.

Nje ya ukumbi, bendi iliishi redioni. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa redio pekee ya bara hadi miaka ya 1990, na studio yake ndiyo iliyokuwa kampuni yetu ya kurekodi. Bendi iliingia ikapiga kwa pamoja, wimbo ukanaswa kwenye utepe, na wiki chache baadaye taifa zima likaujua. Santuri zilikuwa shida, kwani nchi haikuwa na kiwanda cha kuzikandamiza, na zilizotoka zilipitia Nairobi. Kwa hiyo hazina ya Sikinde, pamoja na *Neema* ya Chidumule, ilikaa kwenye kanda za redio ambazo wanamuziki hawakuwa na mamlaka nazo. Nje waligundua baadaye: miaka ya 1990 zikatoka sidii za *Sikinde* na *Sungi* huko Marekani na Ujerumani, na mwaka 2009 Buda Musique ya Ufaransa ikatoa mkusanyiko wa bendi za Dar za 1978 hadi 1983 katika mfululizo wa Zanzibara.

Pigo kubwa lilikuja 1985. Hugo Kisima, mfanyabiashara mwenye Safari Resort kule Kimara, alikuwa na bendi ya Orchestra Safari Sound iliyojulikana sana ilipokuwa na mwanamuziki Ndala Kasheba. Aliamua kuisuka upya, na akawafuata wa Mlimani. Gurumo akaondoka, Balthazar akaondoka, Bitchuka akaondoka, wakaanzisha mtindo wa Ndekule. Magazeti na vijiwe vikatabiri maziko ya Sikinde. Haikufa. DDC ilikuwa na ukumbi, vyombo, jina na Jumapili ya Kariakoo, na wapenzi wakaja kama walivyozoea. Nafasi zikajazwa, na vibao vikaendelea kutoka. Ukitafuta ushahidi kwamba Sikinde ni taasisi na si kundi la marafiki, mwaka huo unatosha. Baadhi ya walioondoka walirudi, wakaondoka tena. Bitchuka amevuka kati ya Sikinde na Msondo mara nyingi kiasi kwamba mashabiki wa pande zote wanamhesabu kuwa wao. Kuhama huko si usaliti kama tulivyopenda kusema. Mtu asiyemiliki gita analopiga ana kitu kimoja tu cha kuuza, nacho anatembea nacho kooni au vidoleni.

Lililowaumiza wazee hawa lilitokea baadaye. Redio binafsi zilianza 1994, na ndani ya miaka kumi vijana wa Bongo Fleva walikuwa wamezichukua. Kijana mwenye kompyuta moja hakuhitaji shirika la bima limnunulie vyombo. Mashirika yenyewe yalikuwa yanabinafsishwa au yanafungwa, na bendi zao zikafa nayo. Kiwanda cha bia kilikabidhiwa wabia wa nje 1993, kikarudi na matangazo, matamasha na udhamini, ila fedha nyingi za udhamini zikawaendea vijana. Mabaa yakagundua kwamba spika mbili na mtu wa muziki wa sidii ni rahisi kuliko wanamuziki kumi na watano. Hata unywaji ulibadilika. Konyagi, spiriti yetu inayotokana na miwa na inayotengenezwa Chang'ombe, ambayo kwa asili ya malighafi yake ndiyo ndugu wa karibu zaidi wa ramu tuliye naye, iliwekwa kwenye viroba vya plastiki vya bei ya chini, na mtu akaweza kulewa kituo cha daladala bila kiti, bila rafiki na bila bendi. Serikali ilivipiga marufuku viroba kuanzia Machi 1, 2017. Marufuku hiyo haikuwarudisha wanywaji kwenye dansi.

Gurumo alistaafu 2013 akiwa na Msondo, baada ya nusu karne ya kuimba. Ilipojulikana kwamba kazi yote ile haikumpatia hata gari, nyota wa Bongo Fleva Diamond Platnumz, aliyezaliwa wakati Sikinde ikiwa tayari na miaka kumi na moja, alimnunulia moja. Watu waliisifu zawadi hiyo, na ilistahili kusifiwa, lakini ilikuwa pia risiti ya mfumo mzima: kwa miaka hamsini mlango, kaunta, vyombo na kanda vilikuwa na wenyewe, na mwimbaji hakuwa mmoja wao. Gurumo alifariki Aprili 2014. Dede akamfuata Julai 2017. Chidumule alikwisha kuachana na dansi zamani akawa mwimbaji wa Injili.

Sikinde bado inapiga, sasa kama Mlimani Park Orchestra. Sikukuu zikifika hupangwa jukwaa moja na Msondo, mara nyingi TCC Chang'ombe, na ubishi wa nani zaidi huanza siku kadhaa kabla, Kariakoo, kwenye meza za wauza viatu. Baadhi ya wapigaji wa sasa hawakuwa wamezaliwa nyimbo zinazoombwa ziliporekodiwa. Wanazipiga kwa mpangilio ule ule wa vyombo vya upepo, na mpiga solo akikosea mstari wa ufunguzi atazomewa kabla hajafika noti ya tano.